Alisema machicha yangu ya munkoyo yameua bata wake: nilivyochafuliwa jina hapa Kikula

Wakuu, hamjambo humu ndani. Nawasalimu kutoka Likasi, Congo, mji wa mukuba. Mukuba ni shaba, kwa wale ambao hawajafika kwetu.

Mimi humu ni msomaji tu. Mwaka wa tatu sasa nasoma nyuzi zenu za kuku na bata, najifunza, sisemi kitu. Leo nasema, kwa sababu nina hasira na mume wangu amechoka kuisikiliza.

Nitakayoandika yametokea kwangu, kwa macho yangu haya. Sitatia chumvi, chumvi waliyotia majirani inatosha. Kiswahili changu nimekinyoosha kidogo ili mnielewe, ila watu wakisema nitawaacha waseme kwa Kiswahili chetu.

Haya.

Naitwa Mama Kapinga, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nakaa Kikula, na mlangoni kwangu nina meza, benchi moja la mbao na ndoo mbili za munkoyo. Munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi: unapika uji mwepesi, unauacha upoe, unatia mizizi iliyopondwa, unafunika. Kesho yake unachuja. Kinakata kiu na hakilevi, ukikinywa mapema. Wanaume wakishuka kutoka kiwandani wanapita kwangu kwanza, halafu ndipo wanakwenda kwa wake zao.

Ukichuja, yanabaki machicha. Na machicha, wakuu, ni chakula cha bata kuliko chochote ninachokijua.

Mimi nina bata tisa na kuku kumi na wanne. Acha nieleze ninavyowaweka, maana itahitajika mbele.

Bata na kuku wangu hawalali pamoja. Mwaka wa kwanza niliwalaza pamoja nikajuta: bata anachezea maji, analowesha matandiko yote, asubuhi kuku wanakohoa kama wavuta sigara. Sasa kuku wana kibanda chao cha matofali na bati la zamani, kimeinuliwa, kina fito za kulalia na maranda chini. Majivu naweka kwenye kona waogee, yanafukuza utitiri. Bata wana kibanda chao chini, hawahitaji fito, wanahitaji pakavu na mlango mpana, maana wanatoka wote kwa mpigo kama watoto wa shule.

Chakula: pumba za mahindi, lengalenga, yaani mchicha, vichwa vya dagaa nikivipata nikavisaga, na machicha kila jioni. Kihori changu cha kulishia ni tairi la lori. Mume wangu alilipasua katikati kwa kisu akaligeuza. Halioti kutu, halipinduki, na ni baya kulitazama. Kumbukeni hilo tairi.

Sasa nije kwa Papa Donat.

Papa Donat ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, miaka kumi na moja. Ni mzee mwenye heshima zake, amestaafu. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kukunja mabamba kiwandani. Mkono wake ni wa dhahabu, hilo simnyimi. Mke wake ni Mama Clémence, mwanamke mpole ambaye ukimsalimu anakujibu mpaka na habari za mbuzi.

Walikuwa na bata kumi na mmoja na kuku kadhaa. Na kila jioni, kwa miaka miwili, ndoo moja ya machicha yangu ilivuka kwenda kwao. Bure. Sijawahi kuwaomba hata yai. Wazee wanasema tenda wema nenda zako, nami nilikuwa nakwenda zangu.

Miaka miwili hakuna bata aliyekufa kwa Papa Donat. Naomba mlishike na hilo pia.

Baada ya Pasaka mzee akaamua kujenga. Alijenga banda ambalo, kusema kweli, watu wengine hapa Kikula hawana nyumba kama lile. Sakafu ya saruji yenye mteremko, madirisha ya wavu, bati jipya. Na katikati akaweka kihori cha mukuba.

Ndiyo, shaba. Alikuwa na bamba lake alilolihifadhi chini ya kitanda tangu alipostaafu, lilikotoka siulizi na ninyi msiulize. Akalikunja, akalipiga nyundo siku tatu, akalichonga ua pembeni. Likawaka jekundu mpaka watu wa mtaa wa pili wakaja kulitazama. Mzee akasimama pembeni, mikono nyuma, kama askofu anayebariki kengele.

Nami nilikwenda kulitazama. Na nitawaambia ukweli unaonidhalilisha: nililitamani. Nilimwambia, "Papa Donat, nifanyieni pia kamoja, hata kadogo."

Akacheka. "Mama Kapinga, mukuba iko kintu ya bantu benye banaijua. Mubakie tu na pneu yenu."

Bantu benye banaijua. Watu wanaoijua. Niliondoka na tairi langu moyoni.

Kama wiki mbili baadaye, bata wa kwanza akainama. Anasimama peke yake, manyoya yamesimama, anakataa kula, kinyesi cha kijani. Akafa. Nikampa Mama Clémence pole, nikamwambia ni hali ya hewa. Akafuata wa pili. Halafu wawili siku moja.

Kuku wao hawakuguswa. Kuku wale walikuwa wanachakura uani na kula mahindi chini, ilhali bata ndio waliokuwa wanazamisha midomo kihorini kutwa. Lakini wakati ule nani alikuwa anafikiria hivyo? Mimi mwenyewe sikufikiria. Nilikuwa naendelea kuvusha ndoo yangu kila jioni, tena naijaza zaidi, nikisema wale bata wanahitaji nguvu.

Jumamosi ile ndipo niliyaona.

Ilikuwa kama saa kumi jioni, benchi limejaa, wengine wamesimama na vikombe vyao mkononi. Nikamwona Papa Donat anakuja kutoka kwake, amevaa koti, kitu kinaning'inia mkononi. Nikadhani ananiletea mboga.

Akafika, akatupa bata mfu juu ya meza yangu. Kati ya vikombe.

"Weye," akasema. "Bata yangu ya tano njo hii. Unatiaka nini mu ile machicha?"

Wakuu, miaka kumi na moja mzee yule hajawahi kuniita weye. Kwetu mtu mzima humwiti hivyo mbele za watu, hata kama umemzidi miaka. Ile weye iliniuma kabla neno lenyewe halijafika.

Nikamjibu taratibu, "Papa Donat, bata yangu pia banakula ile ile machicha. Mbona beko bazima?"

Akageukia wateja wangu. "Munasikia? Ya kwake bazima, ya kwangu banakufwa. Bantu ba Mungu, mujiulize mbele ya kunywa."

Akaenda zake. Bata akabaki mezani.

Mteja mmoja, dereva ambaye amekunywa kwangu tangu hajaoa, alitazama kikombe chake. Halafu akakimwaga, pale chini karibu na mguu wangu, taratibu, kama mtu anayemwagia marehemu. Wengine wakafuata. Hakuna aliyenitukana. Waliweka vikombe vizuri, wakasema jioni njema, wakaondoka. Ningependa wangenitukana.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini alinikuta nimekaa na yule bata. Akasema tumzike, na mimi ninyamaze, maneno yatapita. Yeye ni mtu wa amani. Mimi amani ya namna hiyo siijui.

Kesho yake nilisimama mlangoni, nikachota machicha kwa kijiko, nikayala mbele ya watu wanaotoka misa ya kwanza. Siyo matamu. Nikayala yote. Unajua walisema nini? Walisema nimeyala ya kwangu, ya Papa Donat naweka pembeni.

Mtu akishataka kukuona mbaya, hata ukinywa maji atasema unaficha kitu kinywani.

Na kilichonimaliza ni hiki. Papa Donat aliacha kupokea machicha, na vifo vikakoma. Siku kumi, hakuna bata aliyekufa. Hapo hata waliokuwa wananitetea walinyamaza. Lisemwalo lipo, ndivyo walivyokuwa wanasema kwenye bomba la maji, na nikifika wanaanza kuongelea bei ya unga. Neno bwanga nililisikia kwa masikio yangu. Bwanga ni dawa ya kichawi, kwa asiyejua. Yaani mimi, niliyebatizwa na kusimamia watoto wa watu kwenye ubatizo, nimeweka bwanga kwenye chakula cha bata.

Sasa sikilizeni kilichokuwa mbele yangu.

Binti yangu Kapinga alikuwa anapata kipaimara mwezi ule. Shirika letu, yaani jumuiya yetu ndogo ya kanisa, huwa linafanya karamu moja kwa watoto wote. Na munkoyo wa karamu hiyo naupika mimi. Miaka saba mfululizo. Kapinga tangu mdogo alikuwa anasema, siku yangu mama utapika ndoo kumi, na mimi ndiye nitakayegawa.

Mama Régine, msimamizi wa shirika, akaja kwangu na mkoba wake umebanwa kwapani. Nikajua.

"Mama Kapinga," akasema, "haina kusema ni mwiye mubaya. Paka tungojee kiloko, bantu batulie. Mwaka huu tutatumikisha bya chupa."

Tungoje kidogo tu, watu watulie. Soda. Karamu ya binti yangu, soda za chupa.

Nikamwuliza, "Mama Régine, mwiye munaamini?"

Akatazama kuku wangu. "Miye sisemi kintu," akasema.

Hiyo ndiyo sentensi iliyoniudhi kuliko hata bata kwenye meza. Papa Donat angalau alisema. Hawa wengine wote hawakusema kitu, na ndivyo walivyoniua.

Siku ya karamu nilikaa meza ya nyuma na gauni langu la kitenge kipya. Kapinga aligawa soda. Alikuwa anagawa huku hanitazami, na mimi simtazami, maana tungetazamana tungelia wote wawili na ile ilikuwa siku yake. Wali ulikuwepo, nyama kwenye mchuzi wa nyanya, bukari, yaani ugali, milima. Mtu mmoja tu alikuja kukaa karibu nami, Mama Clémence. Alikaa tu, akala, akanipa kitambaa cha mkono.

Watu wakabakiza vyakula vingi. Mama Clémence ana bata, kwa hiyo wakampa mabaki, ndoo mbili, mchuzi wa nyanya na wali na bukari vimechanganyika. Akaondoka nazo.

Hapa ndipo Mungu alipoinua kidole.

Ilikuwa siku ya tano baada ya karamu, asubuhi. Nimo uani nabadilisha maranda ya kuku. Namwona Mama Clémence anaingia kwa mlango wa nyuma, ambao hajawahi kuutumia, ameshika jani la ndizi kwa mikono miwili.

Akalifungua. Ndani kuna firigisi ya bata, imepasuliwa.

"Ile dume kubwa ilianza kulegea," akasema. "Bwana alisema tuichinje mbele ifwe. Nimefungula filigisi juu ya kuisafisha, nikaona hii. Niliogopa kumupatia."

Wakuu, kwetu firigisi ni ya baba. Ukipika kuku au bata, mume asipoiona firigisi kwenye sahani yake, hapo nyumbani kuna kesi, wazee wataitwa. Mke kuitoa firigisi nje ya nyumba na kuileta kwa jirani, tena jirani wa bwanga, si jambo dogo.

Nikaitazama. Ile ngozi ya ndani, ambayo huwa unaibandua kwa kucha, ilikuwa imepasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Na katikati ya mipasuko, ukijani. Nyongo ninaijua, nimepasua kuku tangu nina miaka saba. Huu ulikuwa ukijani wa mawe ya mgodini. Mtoto yeyote wa Likasi anaujua, tulikuwa tunacheza nayo.

Nikamwuliza, "Alikula nini?"

"Machicha yako hapana, Mama Kapinga. Mwezi muzima hapana. Paka ile mabaki ya fete. Niliitia maji, nikaiacha mu mukuba, bakule kesho na kesho kutwa."

Mabaki ya karamu tu. Mu mukuba. Kwenye kihori.

Ndipo nikamkumbuka marehemu baba yangu. Naye alikuwa mtu wa kiwanda. Tulikuwa na kisufuria kimoja cha mukuba, na mama alikuwa anakipenda. Baba alimruhusu kuchemshia maji tu. Siku mama alipoacha nyanya humo mpaka asubuhi, baba alimwaga zote kwenye shimo na hakusema naye mpaka jioni. Ukali wa nyanya, wa ndimu, wa kitu chochote kilichochachuka, unaila mukuba, alikuwa akisema, na mukuba ikishaliwa inakula matumbo.

Na machicha ya munkoyo ni nini? Ni kitu kilichochachuka. Nayapeleka jioni, yanalala kihorini, asubuhi ni makali kama siki. Miaka miwili yalilala kwenye karai la plastiki, hakuna aliyekufa. Yakalala kwenye mukuba, bata watano. Akaacha machicha, akawapa pumba kavu, wakapona. Yakaja mabaki yenye nyanya, dume likalegea.

Nilikaa chini kwenye maranda. Sikufurahi. Nilikasirika upya, tena zaidi. Maana mimi muuza munkoyo ningeweza nisijue. Lakini yeye? Mtu aliyekunja mukuba maisha yake yote? Yeye ndiye mtu anayeijua, alisema mwenyewe.

Nikamwambia Mama Clémence arudi kwake, firigisi naiweka mimi. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Régine. Nikamwambia, hukusema kitu, sasa njoo uone kitu.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa kwa Papa Donat: mimi, Mama Régine na mume wangu aliyekuwa anatazama viatu vyake. Nimebeba ndoo moja ya machicha ya siku ile. Papa Donat akasimama mlangoni akasema sitaingia. Mke wake akasema, kwa sauti ndogo sana, "Ataingia." Nadhani ni mara ya kwanza katika ndoa yao. Mzee akasogea.

Nikamwaga nusu ya ndoo kwenye kihori chake cha mukuba. Nusu nikaiacha kwenye kipande cha tairi nilichokuja nacho. Tukafunika vyote viwili kwa vitambaa, Mama Régine akaweka rozari yake juu, kila mtu akaenda kwake. Bata walilala kwa pumba kavu.

Asubuhi, kabla watu hawajaenda kazini, tukafunua.

Kwenye tairi: machicha ni machicha, meupe, yananuka uchachu.

Kwenye mukuba: pembeni kote, pale machicha yanapokutana na bamba, mstari wa kijani na buluu. Ua alilolichonga kwa nyundo lilikuwa la kijani majani yote. Mama Régine akapangusa kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikatoka kijani. Akamnyooshea Papa Donat.

Mzee alikishika kile kitambaa, akakigeuza kwenye mwanga. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nilikuwa na maneno ya mwezi mzima kinywani.

Akasema, "Hii rangi naijua." Akaingia ndani.

Basi. Hakuna samahani.

Jioni ile Mama Clémence akaja tena kwangu, safari hii ametumwa. Ana sahani imefunikwa kwa sahani nyingine. Ndani kuna kuku wa kupika, na juu ya kuku, firigisi. Mzee ametoa firigisi yake. Kwa mila zetu huo ni unyenyekevu mkubwa, mwanamume kumpa mwanamke fungu lake. Mume wangu alikuwa ameshanyoosha mkono.

Nikairudisha.

Najua humu wapo watakaosema nina roho ngumu. Semeni. Lakini tusi lilikuja bila kifuniko, mchana, kati ya vikombe vya wateja wangu. Radhi ije imefunikwa kwa sahani, kupitia mlango wa nyuma, imebebwa na mwanamke ambaye hakukosa lolote? Binti yangu alinywa soda kwenye kipaimara chake. Siku ile hairudi kwa firigisi.

Nikamwambia Mama Clémence, "Mwambie Papa, benchi iko mbele."

Wiki ya kwanza, hakuja. Wiki ya pili, hakuja. Mama Régine alikuwa ameshatangaza kwenye shirika kwamba "mambo yalieleweka," hivyo tu, bila jina la mtu, kama vile mambo yana miguu yake. Wateja wakarudi wawili, watatu, wananunua upesi, wanakunywa wamesimama. Benchi lilikuwa tupu.

Jumapili ya tatu, watu wametoka misa, barabara imejaa nguo nzuri. Nikamwona anakuja. Koti lilelile. Nikashika ukingo wa meza.

Akaketi kwenye benchi, katikati, peke yake. Akavua kofia.

"Mama Kapinga," akasema, kwa sauti ya kiwandani, ile ya kushinda mashine. "Munipatie kikombe."

Munipatie, kwa mu ya heshima, si weye. Nikachota. Nilikijaza mpaka kikamwagika mezani. Akanywa chote. Akaweka kikombe, akasema, "Ingine." Akanywa na cha pili. Watu walikuwa wamesimama.

Halafu akawageukia, kama alivyowageukia siku ile.

"Miye njo nilikosa," akasema. "Mukuba yangu njo iliua bata. Niliijua mukuba, nikamusingizia mama wa bantu."

Akainuka. Akaiona ndoo ya machicha chini ya meza. Akaiinua, akaiweka juu ya kichwa chake, mzee wa miaka ile, na koti la misa, na machicha yanamtiririkia shingoni, akashuka nayo barabarani mpaka kwake. Ndoo ambayo miaka miwili nilikuwa nambebea mimi.

Sikulia pale. Nililia jikoni.

Kihori chake sasa kimening'inizwa ukutani sebuleni, kimesuguliwa, kinawaka. Bata wake watano waliobaki wanakula kwenye tairi. Mume wangu ndiye aliyempasulia.

Na sasa nisikilizeni mnaofuga. Kwenye shaba usiweke chakula cha majimaji cha mifugo, hasa kilichochachuka, wala machicha ya pombe, wala nyanya, wala ndimu. Maji tu, na hata hayo mimi sitaki. Tumieni tairi, udongo, mbao, plastiki. Mimi si daktari wa mifugo, nimesema nilichokiona. Mtaalamu aliyemo humu anisahihishe na atueleze bata waliokwisha kuila wanatibiwaje, maana mmoja kati ya wale watano bado anachechemea. Na mfugo wako ukifa, mpasue kwanza, utazame ndani, kabla hujamtazama jirani.

Jambo moja nalikiri. Siku ile Papa Donat angekubali kunifanyia kihori kidogo, bata wangu nao wangekufa, na leo ningekuwa mchawi kamili bila shahidi hata mmoja. Kiburi chake ndicho kilichoniokoa, nami sijui nimshukuru nani kwa hilo.

Je, ilinipasa kuipokea ile sahani? Nambieni hapa chini, hata mnaonilaumu, nitasoma zote.

Ila najua wapo watu wa Kikula wanaosoma humu, wengine nawafahamu hata kwa majina ya bandia. Ninyi mliomwaga vikombe vyenu karibu na mguu wangu. Aliyenituhumu alikuja, akaketi, akanywa mchana. Ninyi bado mnapita upande wa pili wa barabara.

Benchi liko mbele.